Sentensi Arobaini za Mjomba Mashambo

"Mmezidisha kilo kumi na moja," alisema Karani.

Nakijwa Mbwambo alikuwa uwanjani kwake, Mwanga mjini, mikono kiunoni, akilikagua gari-nyumba lao kwa mara ya tano tangu asubuhi. Lilikuwa gari zuri la rangi ya maziwa, lenye vitanda vinne, jiko la umeme, choo, na huyo Karani, sauti iliyokaa ukutani karibu na mlango na kupanga kila kitu, kuanzia njia ya kupita hadi chumvi ya kubeba. Karani hakuwahi kupandisha sauti wala kukosea hesabu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyempenda sana.

"Kilo kumi na moja za nini?"

"Ndizi. Ziko chini ya kitanda cha Bi. Anansia. Zimefunikwa kwa khanga mbili."

"Mbea mkubwa wewe!" alifoka Bi. Anansia kutoka barazani. Huyu alikuwa mama mkwe wa Nakijwa, Mchaga wa Marangu, mwenye miaka sabini na moja na imani kwamba nje ya jiko lake watu hufa njaa. "Tunakwenda kukaa siku saba ziwani. Mnataka tule matete?"

"Mama, ufuo ule ni laini. Gari likizidi uzito, getini halipiti."

"Basi mpunguzeni huyo." Alimwonyesha kwa kidevu Mjomba Mashambo. "Kilo sitini na tisa, na wala hapikiki."

Mjomba Mashambo alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari, akiviwekea rangi viatu ambavyo vingeingia kwenye tope siku hiyo hiyo ya kufika. Alikuwa kaka wa marehemu mama yake Nakijwa, Mpare wa Usangi kwa baba na wa ziwani kwa kuzaliwa, mwenye miaka sabini na tisa. Hakuinua hata uso.

"Mtani, ziguse kilo zangu nikachome migomba yako yote. Nitaanza na shamba lako, nimalizie na la jirani."

"Choma. Halafu wewe mwenyewe utanishtaki kwa ajili ya moshi. Mpare akikanyagwa na kuku, kesho yake kuku yuko mahakamani."

Walicheka mpaka Mjomba akapaliwa. Ndivyo walivyoishi hao wawili. Wapare na Wachaga ni watani tangu enzi na enzi, na mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukutishia na hata kukuzika ukiwa hai, nawe huruhusiwi kununa. Tangu Nakijwa aolewe na Aminieli, wazee hao hawakuwahi kuambiana neno moja la adabu. Mwaka ule Bi. Anansia alipolazwa kwa nimonia, Mjomba alikaa nje ya wodi siku tatu na hakula kitu cha maana.

"Karani," alisema Nakijwa, "toa ndizi nusu, toa na viti viwili vya kukunja. Tuonyeshe tena ramani."

Ramani ilitokea kwenye kioo cha gari. Ziwa Jipe lilikuwa limelala chini ya Milima ya Upare, buluu na pana, maana lilikuwa limerudi. Miaka sabini nyuma lilikaribia kufa kwa tope na matete, na serikali ikawahamisha watu wote wa ufuoni ili maji yapate nafasi. Mjomba alihamishwa akiwa na miaka tisa, juu ya lori, akiwa amempakata mbuzi. Sasa ufuo ulikuwa ardhi ya wote: hakuna aliyeumiliki, kila mtu aliruhusiwa kuomba kupiga kambi. Vituo vilikuwa kumi na viwili tu, na familia ya Nakijwa ilikuwa imeomba miaka minne mfululizo; mara tatu nafasi zilijaa kabla ya zamu yao, na mwaka huu lilibaki jibu la Utabiri tu, mashine iliyowapima waombaji.

Karibu na kituo cha saba palikuwa na alama nyekundu ambayo Mjomba aliiweka mwenyewe kwa kidole. Ni mahali nyumba ya mama yake iliposimama.

"Maji yamebakiza hatua nne kufika hapo," alisema Karani. "Masika yakiisha, mahali hapo patakuwa chini ya maji kwa kina cha goti."

"Nasikia," alisema Mjomba. "Ndiyo maana navisugua viatu. Sitaki mama anione nimechakaa."

Kila mtu alicheka, ila Nakijwa alilazimika kugeuka na kujifanya anahesabu vigingi vya hema.

*

Jibu lilifika saa kumi alasiri, wakiwa wanabishana kuhusu sufuria.

"Jibu la Utabiri limekuja," alisema Karani. "Nakijwa, Aminieli na Bi. Anansia wameruhusiwa, kituo cha saba, kuanzia Jumamosi ya wiki ijayo. Bwana Mashambo Mgonja hakuruhusiwa. Alama zake za hatari ni themanini na moja. Kiwango cha mwisho ni arobaini. Ninashauri kitanda chake kitumike kwa ndizi."

Sufuria ilimponyoka Bi. Anansia. Kwa mara ya kwanza Nakijwa alimwona mama mkwe wake amekosa tusi la kumrushia Mpare.

Mjomba alifunika kopo la rangi ya viatu, akalikaza vizuri, akasimama. "Mtanipigia picha," alisema. "Pigeni nyingi." Akaenda zake nyuma ya nyumba, na mgongo wake uliuumiza moyo wa Nakijwa kuliko maneno yoyote.

Naye Nakijwa alikuwa na sababu yake ya kuumia. Utabiri ilikuwa kazi yake. Kwa miaka sita alikuwa mfunzi wake, mmoja wa watu watano waliokaa katika ofisi ya ghorofa ya pili pale pale Mwanga, wakiifundisha mashine hiyo kumjua mwanadamu.

Na haikuwa kazi ya kipuuzi. Mwaka wa kwanza ufuo ulipofunguliwa, mtu mmoja aliwasha moto wa kuchomea samaki, na matete yakawaka siku mbili pamoja na viota vya ndege wasiohesabika. Ndipo Utabiri ikabuniwa. Kila aliyefikiwa na zamu ya kambi alikubali mashine imsikilize kwa siku thelathini, nyumbani na kwenye simu. Ilipima maneno yake, ikayalinganisha na maneno ya watu waliowahi kuharibu, kisha ikatoa alama. Tangu wakati huo matete hayakuwaka tena hata mara moja. Nakijwa alijivunia jambo hilo, na mara nyingi alikuwa amewajibu watu wenye hasira kwenye simu kwa sauti tulivu: mashine haina chuki na mtu, ndugu yangu, inasikiliza tu.

*

Kesho yake asubuhi alifungua jalada la mjomba wake. Utabiri ilikuwa imechagua sentensi arobaini za hatari kutoka katika siku thelathini za Mzee Mashambo. Nakijwa alianza kusoma akiwa na hofu. Kufikia ya nne alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Nitaichoma migomba yako yote. Nikifika ziwani nitalibeba lote nirudi nalo Usangi, Wachaga mbaki na vumbi. Huyu bibi nitamfunga kamba nimtupie viboko, lakini nawaonea huruma viboko. Nitawasha moto mkubwa nikukaange wewe na mtori wako wa ndizi.

Zote arobaini zilikuwa hivyo. Zote zilimlenga mtu mmoja, Bi. Anansia, na zote zilifuatiwa na kicheko ambacho mashine ilikiandika hivi: *mhusika anafurahia wazo la madhara*.

Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Kisha kicheko kikakatika ghafla, maana alikuwa amelikumbuka jambo.

Walipoianza kazi ile, waliifundisha Utabiri matusi, vitisho, kejeli, hata mafumbo ya walevi. Waliketi miezi minane wakiorodhesha namna ambavyo watu husema jambo wasilolikusudia. Katika meza ile kulikuwa na Wapare watatu, Mchaga mmoja na Msambaa mmoja, wakitaniana kutwa nzima, wakiahidi kuzikana, na hakuna hata mmoja aliyeandika neno utani. Lilikuwa karibu nao mno. Nani angekumbuka kuifundisha mashine kwamba watu huvuta pumzi?

Nakijwa aliuliza swali moja kwenye kioo: ni familia ngapi zilizokataliwa kwa sentensi zilizosemwa kati ya Mpare na Mchaga na kuishia kwa vicheko vya wote wawili?

Jibu lilikuja kabla hajaegemea kiti. Familia mia mbili na kumi na mbili.

Alibaki akiitazama namba hiyo. Kulikuwa na njia fupi. Kila mfunzi alikuwa na ruhusa ya kumsahihisha mtu mmoja aliyepimwa vibaya, kwa kuandika sababu. Angeandika: *utani*. Alama za Mjomba zingeshuka hadi sita au saba, na Jumamosi ya wiki ijayo mzee angesimama kwenye kiwanja cha mama yake na viatu vinavyong'aa. Wala usingekuwa uongo. Kila herufi ingekuwa kweli tupu.

Njia ya pili ilikuwa kitufe cha Simamisha. Kanuni ilisema wazi: mfunzi akigundua kosa la mzizi, yaani kosa lililo katika mafunzo yenyewe, Utabiri husimama siku hiyo hiyo na vibali vyote vya msimu hufutwa. Getini wangerudi walinzi wenye midomo na madaftari. Walioonewa wangetangulia kwa mpangilio wa tarehe walizokataliwa. Zilibaki wiki tano kabla ya ufuo kufungwa kwa masika, vituo kumi na viwili kwa wiki, yaani familia sitini. Zilizobaki zingesubiri mwakani. Mashambo Mgonja, aliyekataliwa jana, angekuwa wa mwisho kabisa.

Na mwakani ziwa lingekuwa limeshapita pale.

Aliweka kidole kwenye Simamisha, akakiondoa. Akakirudisha. Alijiambia kwamba angemsahihisha mjomba kwanza, waende, warudi, kisha Jumatatu ya kurudi aje abonyeze. Wiki mbili tu, nani angedhurika? Lakini yeye mwenyewe alikuwa hodari wa hesabu: wiki mbili ni familia ishirini na nne. Kati ya mia mbili na kumi na mbili zile, lazima kulikuwa na mzee mwingine aliyewahi kupanda lori na mbuzi.

Akachukua mkoba, akarudi nyumbani kabla ya saa sita.

*

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umefukuzwa kazi?"

Alimkuta nyuma ya nyumba, akichambua maharage ya makande kwenye ungo. Nakijwa aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamweleza yote bila kupunguza: sentensi arobaini, utani, familia mia mbili na kumi na mbili, njia fupi na ndefu. Mjomba alisikiliza, na vidole vyake havikuacha kuchambua.

"Kwa hiyo aliyenizuia si mashine," alisema mwishoni. "Ni wewe."

"Ni mimi, mjomba."

"Miaka sita unakaa mle ndani, unakuja hapa kila jioni, unasikia namna tunavyotukanana na huyo mama, unacheka. Hukuona?"

"Sikuona."

Hapo alikasirika kweli. Alisukuma ungo, akasimama, akamweleza Nakijwa kwa sauti iliyosikika hadi kwa jirani kwamba amezeeka akiingojea safari hii, kwamba aliyekosea si yeye, na kwamba mtoto wa dada yake ana dawa mkononi halafu anamletea maelezo. Nakijwa aliinamisha kichwa. Lililomuuma zaidi ni kwamba yote yalikuwa haki.

Mjomba alipochoka, aliketi tena. Akavuta ungo.

"Hao wengine," alisema, "walisema nini?"

Nakijwa alitoa simu, akamsomea. Mzee mmoja Mchaga wa Rombo alikuwa amemwambia jirani yake Mpare: nikifika Jipe nitaweka sumu majini siku mnayooga, ingawa najua siku hiyo haipo kwenye kalenda. Familia yake ilikuwa imekataliwa miaka mitatu.

Mjomba alitoa sauti ya kukoroma puani, halafu bega moja likaanza kutikisika.

"Shenzi huyo," alisema kwa upendo mtupu. "Miaka mitatu kwa ajili hiyo?"

"Mitatu."

"Mimi nimekataliwa siku moja tu, na usiku kucha sikupata usingizi." Alichambua jiwe, akalitupa mbali. "Nikienda Jumamosi, nitaketi pale kwa mama, halafu namfikiria huyu mjinga wa Rombo. Utaniharibia safari. Nenda kabonyeze hicho kitu, mwanangu. Nenda kabla sijabadili mawazo, maana nimeanza kuyabadili."

Nakijwa alikimbia. Alibonyeza saa saba na dakika kumi, bado akihema kwa kupanda ngazi. Mkuu wake alipiga simu kutoka Moshi, akamuuliza kama anafahamu kwamba amekizima kitu kilicholinda viota kwa miaka sita. "Nafahamu," alisema Nakijwa, kwa sababu alifahamu kweli. Kama matete yangewaka msimu huo, yangewaka kwa mkono wake.

*

Kazi ya kuwapigia simu walioonewa ilimwangukia mfunzi aliyesimamisha. Kesho yake, Ijumaa, kutwa nzima uwanja wa nyumba yake uligeuka ofisi. Bi. Anansia aliwapigia Wapare, Mjomba Mashambo akawapigia Wachaga, kila mmoja akiwa ameng'ang'ania kwamba watani wake hakuna mwingine anayewaweza.

"Haloo, nazungumza na mlevi gani?" Mjomba alianza.

"Unazungumza na Lasway wa Rombo. Na wewe, kwa sauti hiyo ya mbuzi mwenye njaa, ni Mpare."

Mjomba alilainika usoni. Alieleza habari: kosa limeonekana, Utabiri imezimwa, familia ya Mzee Lasway iko ya kwanza kwenye orodha, kituo cha saba, waje Jumamosi ya wiki ijayo. Mzee Lasway alishukuru kwa kumtukana. Kisha akauliza, kwa kuwa watu wa milimani ni wadadisi, ni kwa nini Mpare aliyesikika na furaha namna ile hakujiweka mwenyewe wa kwanza.

Mjomba alijaribu kutania. Utani haukuja. Ikabidi Bi. Anansia ampokonye simu.

"Huyu mpumbavu alizaliwa pale," alisema. "Kiwanja cha mama yake kinamezwa na maji masika haya. Na mlango wa kuingilia amewafungulia nyinyi."

Upande wa pili ilisikika minong'ono ya mtu akishauriana na mkewe. Halafu Mzee Lasway akasema kwa sauti ya chini, "Basi letu lina vitanda sita. Sisi ni watano."

*

Lilikuwa basi kuukuu la shule, lililogeuzwa nyumba kwa nguvu za mikono na bado likiwa na mistari ya njano. Lilifika getini Jumamosi saa tatu asubuhi, likiwa na Mzee Lasway, mke wake, wajukuu watatu na jogoo mmoja ambaye hakuwa kwenye orodha yoyote. Nakijwa na Aminieli walikuwa wamemleta Mjomba kwa gari-nyumba. Bi. Anansia alikuwa amekataa kushuka garini. Alisema hawezi kumuaga Mpare, lakini alikuwa amemfungia ndizi za kulisha ukoo.

Wazee wawili waliangaliana kwa mara ya kwanza.

"Kumbe ni mfupi hivi," alisema Mzee Lasway.

"Kaa kwenye maji ya kina tuone nani atazama," alijibu Mjomba. "Ukilala tu nakuzika kwenye tope, kichwa chini miguu juu, wajukuu wako wakuanikie nguo."

Mlinzi, mwanamke mrefu mwenye daftari la karatasi, hakucheka. Alikuwa mgeni kutoka pwani, na hii ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi iliyorudishwa kwa binadamu. Aliwaita mezani.

"Huyu mzee ni nani kwenu?"

"Mtani," alisema Mzee Lasway.

"Mnafahamiana tangu lini?"

"Tangu juma lililopita. Kwenye simu."

Mlinzi aliweka kalamu chini. "Baba, nisikilize vizuri. Kanuni inakuruhusu kuja na mgeni, lakini mdhamini wake ni wewe. Akiwasha moto, akivunja kiota kimoja, familia yako haikanyagi ardhi ya wote kwa miaka kumi. Hawa watoto watakuwa watu wazima. Na nimemsikia kwa masikio yangu sasa hivi anasema atakuzika."

Nakijwa alisogea karibu na meza. Ndilo swali lile lile alilolijibu kwa mashine miaka sita, na safari hii hakuwa na namba yoyote ya kumsaidia.

Mzee Lasway alimtazama Mjomba Mashambo juu hadi chini, kofia, koti, hadi vile viatu, na macho yake yakabaki hapo kidogo.

"Dada," alimwambia mlinzi, "mtu asiyenijua angeniamkia kwa heshima, na huyo ningemwogopa. Huyu amenitukana mbele ya mke wangu kabla sijazima injini. Maana yake ameshakubali kwamba nikifa atakuja kunilaza kaburini. Mtu wa namna hiyo hachomi mahali wajukuu wangu wamelala." Akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

Alisaini. Kizuizi kikanyanyuka, basi likaingia likiyumba kwenye njia ya mchanga, na kupitia dirishani wakasikika wazee wakibishana ni nani atakayelala karibu na jogoo.

"Na nyinyi?" mlinzi aliuliza. "Mnaingia wiki gani?"

"Mwaka huu hatuingii," alisema Nakijwa. Aliazima kalamu ile ile, akageuza ukurasa mpya wa daftari la mlinzi na kuanza kumwandikia, kwa wale watakaofuata, utani ni nini. Aliandika mpaka ukurasa ukajaa, na alipoinua macho mlinzi alikuwa akisoma begani mwake na kucheka peke yake.